Madhabahu ya Marehemu Sebuleni

SWALI: Msomaji mmoja, mzaliwa wa Morogoro anayeishi Houston, Texas, ameiandikia safu hii kuhusu baba mkwe wake, Mvietnam wa miaka 74 aliyeondoka Saigon mwaka 1975, ambaye amehamia kwa mwanawe wa kwanza baada ya kufiwa na mkewe. Mzee huyo ameweka sebuleni kabati lenye picha za marehemu, matunda na chungu cha vijiti vya udi, ambavyo moshi wake umekwisha kuamsha kengele ya moto mara kadhaa. Hazungumzi Kiingereza na wajukuu, na mwisho wa kila Aprili hujifungia chumbani. Msomaji, ambaye ni Mlutheri, anauliza kama anachukiwa na kama kabati hilo linaweza kuhamishiwa gereji, maana mumewe kila akiulizwa husema wayamalize wenyewe.

JIBU: Katika barua hiyo hamna dalili ya chuki, na ukimya wa Aprili una historia yake. Tarehe 30 Aprili 1975 Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ulianguka mikononi mwa majeshi ya Kaskazini, na watu wapatao 130,000 wakapelekwa Marekani mwaka huo, wengi wao wakiwa wameondoka bila kuaga. Walipokelewa katika kambi za kijeshi kama Camp Pendleton ya California na Fort Chaffee ya Arkansas, kisha wakatawanywa kwa makusudi katika majimbo mbalimbali chini ya wadhamini, hasa makanisa na familia, ili pasiwe na eneo litakaloelemewa. Kwa sababu hiyo wengi walijikuta katika miji isiyo na mtu wa kuzungumza naye wala duka la kuuza nước mắm, yaani sosi ya samaki waliochachushwa kwa chumvi, ambayo haikosekani katika mapishi ya kwao, na baadaye wakahama tena kwa hiari kwenda California na Texas ili wawe karibu na wenzao. Marekani na Vietnam hazikuwa na uhusiano wa kibalozi hadi mwaka 1995. Kwa hiyo, kwa miaka 20, aliyeacha makaburi ya wazazi hakuwa na njia rahisi ya kwenda kuyasafisha kabla ya Tết, yaani mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, kama desturi inavyodai.

Kwa mtu wa namna hiyo, madhabahu ya nyumbani ndiyo iliyobeba wajibu ambao kaburi la mbali halikuweza kutimiziwa, na ndiyo maana huwekwa mahali pa heshima kuliko pote nyumbani. Kuipeleka gereji ni kumtoa marehemu mkewe nje. Zaidi ya hayo, kwa mila za Kivietnam utunzaji wake humwangukia mtoto wa kiume wa kwanza, ambaye katika barua hii ndiye anayekwepa swali. Huenda basi kinachomsumbua mzee si mkazamwana wake, bali hofu kwamba mwanawe hataishika kazi hiyo.

Kwa hiyo mume ndiye anayepaswa kuanza. Na amuulize baba yake tarehe ya giỗ, yaani kumbukumbu ya kila mwaka ya siku ya kifo, aiandike kwenye kalenda ya nyumba, na awaketishe watoto wasikie kutoka kwa babu yao majina ya waliomo pichani, huku yeye akitafsiri. Siku hiyo hupikwa vyakula alivyovipenda marehemu, vikawekwa mbele ya picha, na udi ukishaungua familia hukaa na kuvila pamoja. Msomaji anaweza kupika na kuketi mezani bila kushika udi, iwapo imani yake inamzuia, na alieleze hilo mapema kwa adabu. Wakatoliki wengi wa Vietnam nao huwaenzi wazee wao nyumbani bila kuacha msalaba.

Kuhusu moshi, kijiti kimoja badala ya vitatu, dirisha likiwa wazi, kinatosha, na kengele isizimwe kamwe. Iwapo mzee hali wala halali vizuri hata baada ya Aprili kupita, apelekwe kwa daktari anayezungumza Kivietnam, ambaye Houston, kwa wingi wa Wavietnam wake, si vigumu kumpata.