SOMO: Barua pepe isipotoka, tusilaumiane

Ndugu viongozi na familia zilizohamishwa,

Waliofukuzwa Kolwezi na Likasi mwaka 1992 na 1993 wakaenda Kasai wanajua jinsi kukosa habari kunavyozaa shaka. Leo pia, kamati ya Kolwezi ikituma orodha ya familia kwa wenzao wa Mbuji-Mayi na jibu lisirudi, maneno huanza: “Wametudharau.” Kumbe pengine barua bado imelala ndani ya kompyuta. Kabla ya kulaumu, tukague:

1. Tufungue sanduku la Boîte d’envoi. Barua ikiwa humo, haijatoka.

2. Tuhakikishe intaneti inafanya kazi, na programu haikuwekwa Hors connexion.

3. Tupunguze picha. Zikiambatanishwa, uzito wake huongezeka kwa karibu theluthi moja, na Gmail haitumi barua ya kawaida inayozidi MB 25. Tuzigawe katika barua mbili au tatu.

4. Tutazame tarehe. Betri ndogo ya ndani ikiisha, kila umeme ukikatika saa ya kompyuta hurudi nyuma, na muunganisho salama huweza kukataliwa.

5. Neno la siri likibadilishwa mahali pengine, tulibadilishe na ndani ya programu.

Tusifute barua kabla ya kuinakili. Ikishatoka, tumpigie mwenzetu simu: “Umeipata?”

Tujadili pamoja: Ni nani tuliyemkasirikia kabla ya kumuuliza? Tufanye nini ili kumrudia?