Muungano wa Viini: Faida Ipi Iliyopatikana?

Nishati ya nyuklia tuliyoizoea hutokana na kupasuliwa kwa viini vizito vya atomu, kama vile vya urani. Makala haya yanahusu kinyume chake. Viini vyepesi vya hidrojeni, vikipata joto la kutosha, huungana na kutoa nishati nyingi mno. Ndivyo jua liwakavyo.

Tarehe 5 Desemba 2022, wanasayansi wa maabara ya Lawrence Livermore huko California, Marekani, walielekeza miale 192 ya leza ndani ya kikopo kilichohifadhi punje ndogo ya fueli. Miale hiyo ilibeba megajuli 2.05, muungano ukazaa 3.15. Habari zikaenea kwamba faida ya nishati imepatikana.

Hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kusita. Faida ni neno la sokoni, na sokoni huulizwa kwanza mtaji ulikuwa kiasi gani. Mitambo ya leza zile ilivuta umeme wa takribani megajuli 300. Kwa mizani hiyo, kilichorudi ni kama sehemu moja katika mia. Wanasayansi hawakudanganya, kwani wao walipima nishati iliyofika kwenye shabaha na wakasema hivyo. Tatizo ni letu tunaofasiri, tunapoliazima neno la mfanyabiashara na kuuacha mtaji wake nyuma.

Njia ya pili ni kuizuia fueli yenye joto kwa nguvu za sumaku. Kinu cha JET, kule Culham nchini Uingereza, kilizalisha megajuli 69 mwaka 2023, muda mfupi kabla ya kufungwa, ingawa hazikufikia joto lililotiwa. Mrithi wake, ITER, ungali ukijengwa kusini mwa Ufaransa. Unakusudiwa kutoa megawati 500 kwa megawati 50 za kuipasha fueli. Hizo nazo ni za joto, si za umeme, na majaribio yake ya dyuteri na triti, kwa ratiba iliyotangazwa mwaka 2024, yatasubiri hadi 2039.

Dyuteri hupatikana katika maji ya bahari. Triti ni adimu, na nusu yake huoza kila baada ya miaka 12 hivi. Itabidi kinu kijizalishie chenyewe, kwa nyutroni zinazoigonga lithi iliyozungushiwa kuta. Nyutroni hizo hizo ndizo zinazozidhoofisha kuta. Hakuna kinu kilichowahi kujizalishia triti ya kukitosha.