Jiko la peleti lenye kuta mbili: tuhesabu mbele ya kununua

Ndugu wamemba wa koperative, tangu tulipoweka lile jiko jipya la kuchomea nyama katika kiwanja chetu cha mafunzo, kila kikundi kinachopita kinauliza swali lile lile: "Hii iko bei gani, na sisi tunaweza kuipata?" Vikundi viwili vimekwisha kutuambia kwamba wanataka kufungua sanduku la akiba wanunue la kwao, wauze michopo na kuku siku za soko. Akiba ile ni ya mbegu ya msimu ujao. Juu ya ile tumeona heri somo la mwezi huu liwe hili. Tumelipikia msimu mzima wa mvua, na tutasema mazuri yake pamoja na pale lilipotutia haya.

Kwa macho ni sanduku la chuma lenye kifuniko, na wavu wa kuchomea ndani. Kando yake kuna sanduku dogo la kuwekea peleti. Peleti ni vidonge vya unga wa mbao mkavu, ulioshindiliwa na mashine mpaka ukashikana bila gundi, kwani ndani ya mti wenyewe kuna kitu kinacholainika kwa joto na kushika kikipoa. Unene wake ni milimeta 6 mpaka 8. Chini ya sanduku dogo kuna chuma kinachozunguka kama kile cha mashine ya kusagia nyama. Kinasukuma peleti kidogo kidogo mpaka kwenye kikombe cha moto. Kijiti cha umeme kinawasha, ventilateri ndogo inapuliza, na kifaa cha kupima joto kinaamua peleti ziongezwe ao zingojee. Mpishi anachagua digrii, basi.

Majiko ya namna hii yalianzia Marekani, katika jimbo la Oregon, miaka ya 1980. Tunasema hivyo si kwa kujivuna: yalitengenezwa pahali ambapo umeme haukatiki ovyo na peleti zinauzwa dukani. Mushike neno hilo, tutalirudia.

Sasa hizo kuta mbili. Kila mama anajua kwamba kaa la jioni likifunikwa vizuri na majivu, asubuhi bado liko na moto. Majivu hayaongezi moto hata kidogo. Yanazuia joto lisikimbie. Kuta mbili za jiko, na kitu chepesi cha kuzuia joto kati yake, zinafanya kazi ile ile. Mbabula ya bati inakuunguza miguu kwa sababu inapasha uwanja wote. Hili letu, ndani liko na digrii 120 na upepo wa mvua unapiga, nawe unaegemeza mkono kando yake. Peleti zinaliwa chache, na joto halipandi na kushuka.

Faida yake kubwa tuliiona kwa nyama ngumu: mbuzi mzee, kuku aliyemaliza kutaga. Kwa moto mkali nyama hiyo inakaza, mteja anatafuna mpaka anakasirika. Kwa digrii 110 mpaka 120, muda wa saa nne ao tano, ile mishipa inayoshika nyama inayeyuka polepole na kuwa laini. Tulipika bega la mbuzi jike ambaye mwenyewe aliona haya kumuuza, na likaisha mbele ya nyama ya kijana wake. Kwa nguruwe na kuku, hapo hapana haraka: chomeka temometri katikati ya mnofu, mbali na mfupa, isome digrii 75. Nguruwe wetu wengi wanazurura, wanaokota minyoo ya tegu, na nyama iliyoiva nje tu ni hatari.

Halafu siku ya harusi. Tulikubali kuchoma mbuzi wawili kwa jirani wa kiwanja, peleti zilikuwa zimelala ndani ya jiko tangu juzi yake, na usiku mvua ilinyesha kwa upepo. Asubuhi chuma cha kusukuma kiligoma. Tulipofungua tulikuta uji. Peleti ikiingiwa na maji inavimba na kurudi kuwa unga wa mbao, kisha unga ule unakauka ndani ya bomba na kuwa mgumu kama sementi. Tulikwangua kwa bisibisi mpaka adhuhuri. Mbuzi waliivia kwa mbabula tatu za kuazima, wageni wakala giza limeingia, na mama wa bwana harusi mpaka leo anatusalimia kwa mbali.

Kwa hiyo, yeyote atakayekuwa na jiko hili aweke peleti katika pipa lenye kifuniko, juu ya mbao, si chini kwenye udongo. Jioni atoe zilizobaki katika jiko. Ukitaka kujua kama ni kavu, vunja moja: iliyo kavu inalia "ka!", yenye unyevu inasagika kimya kati ya vidole. Peleti nzuri haipiti unyevu wa sehemu 10 kwa 100.

Kuna mambo mengine ya hatari. Usipikie ndani ya nyumba hata siku moja, hewa ya moto inaua bila harufu. Usizime kwa kung'oa waya. Fuata njia yake ya kuzima, ventilateri imalize kuunguza peleti za kikombe, la sivyo moto unaweza kurudi nyuma mpaka kwenye sanduku la peleti. Likikataa kuwaka na kikombe kimejaa, toa zote kwanza ndipo uwashe tena. Mafuta ya nyama yasafishwe kila mara, yanashika moto.

Tufike kwa hesabu. Kwa moto wa polepole jiko linakula karibu nusu kilo ya peleti kwa saa. Kwa moto mkali linaweza kufika kilo mbili. Umeme: dakika za kwanza, wakati wa kuwasha, wati 200 mpaka 300, kisha karibu 50 mpaka mwisho wa mapishi. Taa ndogo za jua tulizo nazo majumbani haziwezi. Inahitaji batri kubwa ao gurupu, na gurupu inataka mafuta. Peleti zetu zilikuja na jiko, na zilipokwisha tulikaa majuma mengi tunatazamana. Makala unaipata kila njia panda, peleti hapana. Wengine wanasema, "Tutajitengenezea." Ile mashine inataka mota yenye nguvu, na unga mkavu uliosagwa sawasawa; ni kazi ya kiwanda, si ya kikundi cha watu ishirini.

Maoni yetu ni haya: msifungue sanduku la akiba kabla ya kupata muuzaji wa peleti wa karibu, aliyeandika bei yake kwenye karatasi, na kabla ya kujua umeme utatoka wapi.

Lakini kuta zile tunaweza kuwa nazo bila kungoja mtu. Unga wa mbao unaotupwa pale wanapopasua miti, ukikauka, changanya na udongo wa vyungu: kwa uzito, sehemu moja ya unga kwa mbili za udongo, na maji mpaka ushikane. Fyatua matofali, yakaushe kivulini majuma mawili ao zaidi, kisha yachomwe katika tanuru. Unga unaungua, unaacha vitundu vingi ndani, na tofali linatoka jepesi. Jengeni nalo sanduku la kuchomea, nje yake ukuta mwingine wa matofali ya kawaida, na katikati mjaze majivu makavu. Juu kifuniko cha bati kinachobana. Kuni ziwe kavu, zipasuliwe nyembamba, ziingizwe moja moja: mkono wako ndio utafanya kazi ya kile chuma cha kuzunguka. Msichome mbao zenye rangi ao dawa.

Jaribuni kwanza matofali kumi, kwa sababu udongo wa kila kilima uko na tabia yake. Matofali haya yanamomonyoka yakigongwa, basi wavu mzito ulalie ukuta wa nje. Na paa juu yake iwe pana; majivu yakilowa, hayazuii joto tena.