Hadithi ya Bibi Kuwa Igizo la Televisheni: Pa Kuanzia Ukiwa Tukuyu

Swali hili nimeulizwa sana na walimu, vijana wa kwaya na akina mama wenzangu: zile hadithi tulizosimuliwa na bibi jikoni, moto ukiwaka na ndizi zikichemka, zinaweza kuchezwa na watu, zikapigwa picha na kuonyeshwa kwenye televisheni? Zinaweza. Tena unaweza kuanza ukiwa hapa hapa Rungwe, kwa simu uliyonayo mfukoni. Nitakueleza kwa utaratibu, ukiwa hujawahi kushika kamera hata siku moja.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kuna hadithi zinazochorwa, yaani katuni, kama Ubongo Kids, kipindi cha Watanzania wenzetu kilichoanza kurushwa mwaka 2014. Na kuna igizo, ambamo watu wenyewe wanavaa, wanatembea na kusema. Makala hii ni ya igizo. Wenzetu Marekani wamelifanya kwa muda mrefu. Mwaka 1957 kituo cha CBS kilirusha Cinderella moja kwa moja, Julie Andrews akiwa mhusika mkuu. Kisha kati ya 1982 na 1987 mwigizaji Shelley Duvall akatengeneza vipindi 27 vya Faerie Tale Theatre, kila kipindi hadithi moja, na mwaka 1990 akageukia nyimbo za watoto wadogo. Ukivitazama vile vipindi vyake utaona vingi vilipigwa ndani ya ukumbi, kwa mapambo ya mbao na vitambaa. Hakuwa na jeshi la farasi. Huo ndio mfano ninaopenda uufuate.

Sisi tulianzia masikioni. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo mtoto wa Tukuyu alisikiliza kipindi cha Mama na Mwana cha Debora Mwenda, Redio Tanzania, na picha akajichorea kichwani mwake. Filamu za Kiswahili zilipochangamka mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwongozaji Mussa Banzi alitoa filamu ya kutisha aliyoiita Nsyuka. Jina hilo kila Mnyakyusa analijua: kusyuka ni kufufuka, na abasyuka ndio mizimu ya waliotutangulia. Kwa hiyo njia imeshakanyagwa. Ila kama watazamaji wako ni watoto, usianze na wafu waliofufuka. Anza na sungura.

Basi uanze wapi? Kwa msimulizi, kabla ya kamera na kabla ya kuandika chochote. Nenda kwa bibi au babu unayejua kwamba hadithi zimemkaa, piga shikamoo, keti, mwombe asimulie kwa Kinyakyusa kama alivyoipokea yeye. Washa kinasa sauti cha simu kwa ridhaa yake. Usimkatize. Akifika kwenye wimbo, na karibu kila hadithi yetu ina wimbo, mwache aurudie mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza huwa anautafuta na mara ya tatu ndipo anauimba. Andika jina lake, kijiji na tarehe. Ukimaliza, sema ndaga fijo, na umwachie chochote ulichonacho, hata kama ni kilo ya sukari.

Usichuje unachosikia kwa kudhani mengine ni porojo. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakitaja mnyama aitwaye kipunji, na watafiti waliowasikia mwaka 2003 hawakuwa na hakika kama anayetajwa ni nyani wa kweli au ni wa hadithi. Walipanda Mlima Rungwe, wakamkuta juu ya miti. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa aina mpya ya nyani, na sasa jina lake la kisayansi, Rungwecebus, limebeba jina la mlima wetu. Msimulizi akikwambia fisi alipita upande fulani wa mto, andika upande huo.

Sasa hadithi hiyo ni ya nani? Hili linawasumbua wengi. Hadithi ya jadi haina mwandishi mmoja. Ni ya jamii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndilo lililokabidhiwa jukumu hilo. Ukikusudia kuuza igizo lako, waulize BASATA mapema, na mwanzoni mwa igizo uandike kwamba hii ni hadithi ya Wanyakyusa wa Rungwe, kisha utaje aliyekusimulia kama ameridhia. Ukiitoa hadithi kitabuni mambo hubadilika: kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo utahitaji kibali cha mwenye haki. Hadithi za Ulaya nazo ni hivyo hivyo. Cinderella iliyoandikwa na Perrault mwaka 1697 ni ya kila mtu, lakini gauni, nyimbo na panya wanaosema wa filamu ya Disney ni mali ya Disney. Usiviguse.

Tuje kwenye kuandika. Muswada, wengine husema skripti, ni karatasi inayoeleza nani yupo, yuko wapi, anafanya nini na anasema nini. Kadiria ukurasa mmoja kwa dakika moja ya picha. Kwa mara ya kwanza usizidi kurasa 12. Chukua hadithi inayojulikana karibu kila kona ya nchi: wanyama wanachimba kisima wakati wa ukame, Sungura anakataa kuchimba, halafu anakuja kuiba maji usiku, mpaka Kobe anapopakwa ulimbo mgongoni na kumnasa. Wahusika wachache, mahali pamoja, na mtoto wa miaka 5 anaielewa. Ni nzuri mno kwa kuanzia.

Lakini hapa kwetu ina tatizo moja kubwa: ukame. Utaupiga picha wapi? Rungwe ni kijani mwaka mzima, migomba inang'aa, chai imetanda hadi ukingoni mwa barabara. Mwigizaji atalia kiu huku nyuma yake majani yanadondosha maji, na mtoto anayetazama atacheka. Mimi nilijaribu, nikaharibu siku nzima. Dawa yake ni mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza, piga mwezi wa nane au wa tisa kwenye uwanja wenye vumbi, kamera iwe juu ikitazama chini, ili kinachoonekana kiwe ardhi, miguu na kata tupu. Ya pili, ambayo ndiyo naipenda zaidi, badili hadithi ifanane na mahali. Huku tunachokosa mvua zikishika ni kuni kavu. Wanyama wakusanye kuni na kuzihifadhi darini, Sungura akatae kukusanya, kisha aje kuiba usiku. Kobe na ulimbo wake wabaki palepale. Bibi zetu wenyewe walibadili hadithi walipohama kutoka kijiji hadi kijiji, hukosei.

Nyimbo za michezo ya watoto nazo zifanyie vivyo hivyo. Ukuti Ukuti unazungumzia mnazi, na watoto wengi wa Tukuyu hawajawahi kusimama chini ya mnazi. Watafutie mchezo wao wa kuzunguka, ule wanaoucheza uwanjani kwao, uupige picha kama ulivyo.

Wanyama wataonekanaje bila mavazi ya gharama? Majani makavu ya mgomba yanatosha. Yachane membamba, yafunge kwenye kamba, uyavishe kiunoni na mabegani. Yanapotikisika yanatoa mlio mkavu unaonasa vizuri kwenye kipaza sauti. Ungo uliofunikwa kitambaa ni gamba la Kobe. Masikio ya Sungura ni boksi na gundi. Zaidi ya vazi, mfundishe mwigizaji mwendo: Fisi huinamisha makalio na kutazama pembeni, Sungura hageuki bila kuruka kidogo. Nimeona kijana wa darasa la sita akicheza Fisi kwa mwendo peke yake, amevaa sare ya shule, na wenzake wakarudi nyuma.

Mahali pa kupigia picha huku hapakosekani, ila kila pazuri pana mwenyewe. Msitu wa Mlima Rungwe na msitu unaozunguka Ziwa Ngosi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuingia kuna kiingilio, na kupiga filamu kuna utaratibu wake, kwa hiyo pita ofisini kwao kabla ya kukodi gari. Daraja la Mungu na Kijungu, kwenye mto Kiwira, viko jirani na Chuo cha Magereza. Usitoe kamera upande huo bila kuomba ruhusa. Ziwa Masoko lina utulivu mkubwa asubuhi, na hapo serikali ya kijiji ndiyo ya kuanza nayo. Ukitaka kurusha droni, yaani kamera inayoruka, kibali chake kinatoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa igizo la kwanza, ua wa bibi mwenyewe unazidi vyote hivyo: haulipiwi, na yeye yupo kukusahihisha.

Mvua utaishughulikiaje? Tatizo lake kubwa ni sauti. Mvua ikipiga bati, hata ya rasharasha, waigizaji hawasikiki tena. Piga picha za nje asubuhi mapema, za ndani zipigie kwenye jiko la nyasi kama lipo, na ununue kipaza sauti kidogo cha kubana kolani. Changu kilinigharimu shilingi 25,000, nami naona ndicho kifaa chenye thamani kuliko vyote. Watu huvumilia picha hafifu. Sauti mbovu hawaivumilii. Matumizi yangu mengine kwa igizo la dakika 12, siku mbili: memori kadi 15,000, mavazi 18,000, bodaboda 15,000, na mbalaga, maharage na chai kwa watu tisa, 40,000. Jumla 113,000, bila ada za serikali. Kuhariri, yaani kuunganisha vipande, unaweza kufanya kwenye simu hiyohiyo kwa programu ya bure.

Waigizaji wakiwa watoto, na huenda ndivyo itakavyokuwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi, mweleze picha zitaonyeshwa wapi, usiwatoe darasani, na wasikae kwenye baridi ya Juni na majani ya mgomba begani. Kama unatumia shule, anza na mwalimu mkuu, naye atakuelekeza ofisi ya elimu. Pale halmashauri pia yupo afisa ustawi wa jamii, mjulishe.

Sasa vibali vya filamu yenyewe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka uombe kibali kabla ya kutengeneza filamu, na ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Msimamizi ni Bodi ya Filamu Tanzania. Huna haja ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam ili kuanza. Nenda kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, Tukuyu mjini. Kama unaishi Mwakaleli au Lwangwa, ofisi yako ni Halmashauri ya Busokelo. Chukua muswada, muhtasari wa hadithi wa ukurasa mmoja, orodha ya wahusika, na kitambulisho. Muulize ada ni kiasi gani leo, maana hubadilishwa mara kwa mara, na mweleze wazi kwamba ni igizo la watoto. Ada ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia benki au simu. Akitokea mtu anayetaka fedha mkononi bila namba hiyo, usimpe. Igizo likikamilika, lisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Haki unayo tangu ulipoitengeneza kazi. Cheti kinakusaidia siku ukidaiwa au ukiibiwa.

Utalionyesha wapi? Vituo vya televisheni nchini hurusha kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo mazungumzo yawe Kiswahili, na nyimbo ziache kwa Kinyakyusa huku tafsiri ikiandikwa chini ya picha. TBC, ITV na Azam hupokea kazi za nje, lakini igizo moja la dakika 12 halijazi ratiba ya kituo. Tengeneza matatu au manne kwanza, uende na nakala na cheti cha ukaguzi. Ukitaka kuliweka YouTube, ukifika mahali pa kutaja walengwa, tamka kwamba ni la watoto. Tangu 2020 hilo ni sharti lao, na maoni chini ya video yatafungwa. Masharti ya maudhui ya mtandaoni yako TCRA, wenye ofisi ya kanda Mbeya mjini. Kuonyesha kwa kiingilio ukumbini au kwenye kibanda cha video kunahitaji kibali kama kuonyesha popote pengine.

Kabla ya hayo yote, nakili igizo kwenye memori kadi, urudi kwa yule bibi jioni moja isiyo na mvua. Weka simu juu ya kigoda, sauti juu, umtazame yeye badala ya kioo. Akisema wimbo umekosewa, usibishane. Washa kinasa sauti, aimbe tena, ubadilishe.