SOMO: SAUTI NA GITA VIKAE NYUMBA MOJA



Siku hizi telefone, mikro ndogo na programu ya bure vinatosha kurekodi wimbo wa roki nyumbani, hata hapa Kituku. Lakini mara nyingi gita zinanguruma vizuri, na mwimbaji anaelea juu yake kama mafuta juu ya maji; ao anazama pamoja na maneno yake yote. Tujifunze sababu, kisha dawa.

Sababu ya kwanza ni chumba. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco pale Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi. Mwenda alipiga gita na kuimba wakati mmoja, mahali pamoja, hewa ni moja. Sisi tunafanya vingine: gita leo, sauti kesho, katika chumba kingine. Sikio linatambua mara moja kwamba hawa hawako pamoja.

Sababu ya pili ni nafasi. Herufi zinazofanya neno lisikike wazi, kama t, k na ch, zina nguvu hasa kati ya mitikisiko 2000 na 5000 kwa sekunde. Gita ya roki yenye kukwaruza inajaa humo humo. Ni watu wawili katika mlango mmoja. Ukipandisha sauti tu, utaongeza kusukumana.

Basi tufanye hivi:

1. Mbao na mabati ya nyumba zetu yanarudisha sauti. Tundika blanketi nyuma na kando ya mwimbaji. Ngojea mvua iache kupiga bati, na mashua za moteri zitulie. Mdomo uwe mbali na mikro sentimita 15 mpaka 20.

2. Katika sauti, kata yote iliyo chini ya mitikisiko 80 ao 100. Huko hakuna neno, kuna mngurumo tu.

3. Mbele ya kupandisha sauti, shusha gita desibeli 2 ao 3 kati ya 2000 na 4000. Hapo njo mlango unafunguka.

4. Tumia kompresa, ile inayoshusha sauti pale inapopita mpaka. Kwa kipimo cha 3 kwa 1, desibeli 3 za kupita zinabaki 1. Usibane sana, mwimbaji atakosa pumzi.

5. Weka mwangwi mmoja, mfupi na kidogo, juu ya sauti na gita pia. Kwa njia hii tunawarudishia chumba kimoja.

6. Kiitikio kiimbwe mara mbili, na sauti ya pili iwe chini. Hata wakubwa walifanya hivyo: mwaka 1966, kule London, fundi Ken Townsend aliwatengenezea Beatles njia ya kupata sauti ya pili kwa mashine ya utepe, sababu kuimba mara mbili kuliwachosha. Angalia lakini miisho ya maneno ifike pamoja.

Kisha pima. Punguza sauti ya telefone mpaka karibu kunyamaza. Kama maneno yanasikika bado, na gita iko bado, kazi ni nzuri. Ukiyajua maneno, sikio lako linakudanganya. Kwa hiyo umpe mtu asiyejua wimbo aandike anachosikia.

Munaweza kuuliza, kazi hii yote ya nini? Katika 1 Wakorintho 14 mtume Paulo anauliza: tarumbeta ikilia bila kueleweka, nani atajitayarisha? Vijana wa Goma wako na mambo mazito ya kuimba: vita, amani, sehemu ya mji iliyofunikwa na moto wa Nyiragongo mwaka 2002 na kujengwa tena. Mama anayeuza samaki kwenye bandari akisikia kelele tu, tumemnyima habari iliyokuwa yake.

MAZOEZI
a) Kwa nini kushusha gita kunaweza kusaidia kuliko kupandisha sauti?
b) Sikilizeni wimbo mmoja mliorekodi. Je, sauti na gita viko katika chumba kimoja? Elezeni.