Mwanagenzi wa Utafiti katika Benki Kuu

Benki kuu haipokei akiba za wananchi wala haiwakopeshi wafanyabiashara. Kazi yake kubwa ni kulinda thamani ya fedha. Benki Kuu ya Ulaya iliundwa tarehe 1 Juni 1998 mjini Frankfurt, Ujerumani, nayo husimamia euro, sarafu iliyoanza katika nchi 11 tarehe 1 Januari 1999. (Makao yake makuu ya leo yako palipokuwa soko la jumla la matunda na mboga, mahali panapoifaa taasisi inayochunga bei!) Benki hiyo huwapokea wanafunzi wa shahada ya udaktari katika uchumi wawe wanagenzi wa utafiti. Mwanagenzi hukaa miezi kadhaa, hulipwa posho, na hufanya kazi akiongozwa na mtafiti mzoefu.

Je, hujifunza nini? Tuchukue swali moja: riba ikipandishwa, bei hutulia?

Mwezi Oktoba 2022 mfumuko wa bei katika nchi za euro ulifikia asilimia 10.6 kwa mwaka, hali lengo la Benki ni asilimia 2. Kati ya Julai 2022 na Septemba 2023 Benki ilipandisha riba inayozilipa benki za biashara kwa amana zao, kutoka asilimia 0.5 chini ya sifuri hadi asilimia 4. Mfumuko ukapungua. Mwenye haraka atasema dawa imemponya mgonjwa. Lakini katika muda huohuo bei ya gesi, iliyopaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, nayo ilishuka sana. Sifa apewe nani?

Takwimu zenyewe hupotosha. Benki hupandisha riba kwa sababu inaona bei zinapanda. Kwa hiyo anayezilinganisha mwezi kwa mwezi aweza kudhani kwamba riba ndiyo inayopandisha bei, kama mtu anayehesabu miavuli barabarani akasema miavuli huleta mvua.

Njia moja ya kuepuka mtego huu ni kutazama dakika chache tu. Uamuzi wa riba hutangazwa saa 8:15 mchana, saa za Frankfurt. Mtafiti hupima bei za hatifungani kabla tu na baada tu ya tangazo. Kwa kuwa ni nadra jambo jingine kubwa kutokea katika dakika hizo, badiliko hilo huhesabiwa kuwa limetokana na ile sehemu ya uamuzi ambayo watu hawakuitazamia. Kuanzia hapo hufuatwa nyayo zake katika mikopo, ajira na bei.

Kufuata nyayo hizo kwahitaji kumbukumbu. Tangu Septemba 2018 benki za nchi za euro hutoa taarifa za mkopo mmojammoja wa makampuni ambayo deni lao kwa benki limefikia euro 25,000. Kumbukumbu hizo ni siri. Husomwa na walioruhusiwa tu. Hapa pana tatizo ambalo, kwa maoni yangu, halijapatiwa dawa. Sayansi hutaka mtu wa nje aweze kurudia kipimo, tena mwanagenzi hulelewa na taasisi ileile ambayo sera yake inapimwa. Makala za utafiti za Benki hutamka kwamba maoni ni ya waandishi wala si ya Benki. Tamko hilo ni jema, ila halimpi msomaji takwimu za kujihakikishia.

Zoezi: Wilaya fulani ilipeleka walimu wa ziada wa hisabati katika shule zilizofanya vibaya. Mwaka uliofuata shule hizo zilikuwa bado nyuma ya nyingine. Je, walimu hao walishindwa? Elezeni takwimu ambazo mngezitaka kabla ya kujibu.