Khanga za Kichanga

Mimba yangu ya kwanza ilipotimiza miezi minane nilikwenda Kariakoo nikanunua doti mbili za khanga mpya na blanketi zito la manyoya. Mama aliviangalia, akaviweka pembeni, akafungua sanduku lake na kutoa khanga kuukuu, zilizofuliwa mpaka maua yamefifia. "Mtoto havai upya," aliniambia, "mtoto anavaa ulaini." Alikuwa amesema kweli, isipokuwa kwa jambo moja, nalo lilikuwa ndani ya sanduku lile lile.

Khanga mpya hukakamaa kwa dondo, na rangi yake huchuja. Ngozi ya kichanga ni nyembamba mno kwa vitu hivyo, kwa hiyo ukinunua mpya, ifue mara mbili tatu kwa sabuni isiyo kali na uisuuze vizuri kabla ya siku ya kujifungua. Hakikisha ni pamba. Vipo vitambaa vya poliesta vinavyouzwa kwa jina la khanga. Huteleza na havinyonyi jasho. Uzuri wa khanga ya pamba ni wepesi wake: unaongeza moja au kupunguza moja kulingana na hali ya hewa, jambo ambalo blanketi la manyoya halikuruhusu.

Unapopanga mfuko wa kwenda hospitali, weka khanga za kutosha, zote safi na kavu. Mtoto huzaliwa amelowa, na majimaji yale yanapokauka humnyang'anya joto upesi. Khanga ya kwanza ni ya kumkaushia, nayo iondolewe mara moja. Kisha alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, avishwe kofia, na khanga ya pili iwafunike wote wawili. Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Joto linalotakiwa mwilini mwake ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5.

Nyumbani, mvishe nguo moja au mbili zaidi ya zile unazohitaji wewe mwenyewe. Dar es Salaam mwezi wa Februari, fulana na khanga moja vinatosha. Njombe mwezi wa Juni ni soksi, kofia, khanga mbili na shali. Usipime kwa viganja wala nyayo, maana huwa baridi hata mtoto akiwa salama. Gusa tumbo au shingo kwa nyuma. Shingo ikiwa na jasho, punguza nguo. Tumbo likiwa la baridi, mrudishe kifuani kwako, na asipopata joto mpeleke hospitali bila kungoja.

Sasa namna ya kumviringisha. Wengi wetu tulifundishwa kuinyoosha miguu ya mtoto na kuikaza pamoja ili asiwe na matege. Hapo naomba tuwakatalie wakubwa zetu kwa adabu. Kichanga ametoka tumboni akiwa amejikunja, na kifundo cha nyonga yake bado ni laini. Ukiinyoosha miguu kwa nguvu na kuifunga siku nzima, mfupa wa paja unaweza kutoka mahali pake. Japani walianza mwaka 1975 kampeni ya kuwahimiza wazazi waache kuinyoosha miguu ya vichanga, na watoto wenye nyonga zilizoteguka wakapungua sana. Tandaza khanga, kunja pembe ya juu, mlaze mabega yakiwa sawa na mkunjo. Kaza kidogo kifuani, kiasi kwamba kiganja chako bado kinapita. Kuanzia kiunoni iwe pana, miguu iweze kujikunja na kupanuka kama ya chura. Khanga isipande shingoni wala usoni. Mlaze chali kila anapolala, na kwenye daladala usimfunike uso kwa kuogopa upepo. Anahitaji hewa kuliko anavyohitaji kufichwa.

Nirudi kwenye sanduku la mama. Khanga zile zilikuwa zimehifadhiwa na vidonge vya naftalini, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi. Mkunga wa kliniki alizinusa akasema zirudi nyumbani. Wapo watoto wanaorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida kwenye nchi za malaria kama yetu. Mvuke wa naftalini uliokaa nguoni unaweza kupasua chembe nyekundu za damu yao. Mtoto anageuka manjano, na manjano ikizidi huharibu ubongo. Kwa sura tu huwezi kumjua mwenye upungufu huo. Nguo za mtoto zisikae na naftalini kabisa. Mimi nilitumia khanga za shangazi, alizokuwa akizivaa kila siku. Ukiona macho au ngozi ya kichanga ina umanjano, au ananyonya kwa shida, wahi hospitali.

Kuhusu kuanika: kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoachwa kivulini au kutandazwa chini, na mabuu yake huingia ngozini na kufanya majipu. Anika kwenye kamba ya juu, juani, kisha piga pasi ya moto pande zote, hasa kwenye pindo.

Siku utakapomwona anajaribu kujigeuza, na wengine huanza hata kwenye miezi miwili, acha kumviringisha. Akigeukia tumbo huku mikono imefungwa, hawezi kujiinua. Shingo ikishakaza, khanga zile zile zinafaa kwa mbeleko: magoti yakumbatie mgongo wako, kitambaa kimshike kutoka goti moja hadi jingine, na uso wake uwe wazi.